Sura ya 5: Msafara Ukishapita

Simu iliingia Jumatatu saa 4 usiku. Katibu wa kata aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye chumba kimoja na watoto waliolala. "Kijana, Alhamisi tuna ugeni. Saa 8 mchana. Mtaa uwe tayari." Akakata kabla sijamuuliza mgeni ni nani, anatokea wapi na atakaa kwa muda gani.

Ilikuwa Septemba 2015, kampeni zimepamba moto, nami nilikuwa katibu wa kamati ya maandalizi katika mtaa mmoja wa ndani huko Mbagala, ukishapita Rangi Tatu. Chama sitakitaja. Niliyoyaona kwetu nimekuja kusimuliwa, karibu neno kwa neno, na watu wa vyama vingine waliofanya kazi hiyohiyo Tandika, Mwananyamala na Bunju. Kuitupia bendera moja lawama zote kungekuwa kuionea.

Neno alilotumia katibu ndilo linalotumika mitaani. Kwenye ratiba huandikwa "mkutano wa kampeni", kwenye gazeti "ziara ya mgombea". Mtaani tunasema ugeni, na ukishalisema hilo neno umeshasema kila kitakachofuata: kufagia, kuazima viti, kubandika sufuria, kuwavalisha watoto nguo za kutokea, na kungoja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Sura hii inamhusu huyo mwenyeji. Katika sura zilizopita tumewasikia wageni, nani alisema nini jukwaani na umati ulijibu vipi. Aliyelisimamisha jukwaa, akalipa mafuta ya jenereta kwa fedha ya ada ya mwanawe, haonekani kwenye picha hata moja.

Kazi ya kwanza ni kiwanja, na pembezoni mwa Dar es Salaam hakuna kazi ngumu kuliko hiyo. Viwanja vyenye majina vinajulikana: Jangwani bondeni, Biafra pale Kinondoni, Tanganyika Packers kule Kawe, Mwembeyanga ya Temeke, Zakhem ya Mbagala. Kila kimoja kina kumbukumbu yake. Mwembeyanga ndipo Dk. Willibrod Slaa aliposimama Septemba 15, 2007 akasoma majina ya vigogo aliowatuhumu kwa ufisadi, na nchi nzima ikabaki inayarudia. Jangwani mwaka ule wa 2015 ilibeba uzinduzi wa CCM Agosti 23, na siku 6 baadaye ikabeba wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani. Tanganyika Packers, eneo la kiwanda cha zamani cha nyama, ndipo CCM ilipozindulia kampeni zake Agosti 28, 2025.

Lakini hivyo ni viwanja vya kufungulia na kufungia kampeni. Katikati yake kuna siku zipatazo 60, na siku hizo mgombea anatakiwa aonekane Chamazi, Buza, Kigogo, Mabwepande. Huko utatafuta eneo la wazi mpaka uchoke. Sensa ya 2012 ililihesabu jiji hili kuwa na watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hao milioni moja wa nyongeza wamejenga mahali, na mara nyingi wamejenga palipokuwa panachezewa mpira.

Kwetu kilikuwa kimesalia kipande kimoja, kiwanja chenye goli upande mmoja tu, kimepakana na msikiti na karakana ya kuchomelea mageti. Asubuhi ya Jumanne nilikwenda kukipima kwa hatua pamoja na mzee mmoja aliyekuwa akipanga mikutano tangu enzi za chama kimoja. Akaniuliza jukwaa nitaliweka wapi. Nikamwonyesha upande wa magharibi, jirani na barabara, ili gari la mgeni lifike bila kupasua umati. Mzee akanishika bega, akanigeuza nitazame kule nilikomwonyesha.

"Mwanangu, saa 10 jua linakuwa wapi?"

"Huku huku, mzee."

"Sasa watu watamwangalia mgeni, au watakinga macho kwa viganja?"

Jukwaa likahamia mashariki. Jua la alasiri likawapiga watu mgongoni badala ya usoni, na juu ya jukwaa tukafunga turubai lenye upindo wa mbele ulioshushwa ili msemaji naye asiungue. Gari la mgeni ikabidi lizunguke kwa nyuma, kupitia uchochoro ambao vijana waliufukia mashimo kwa kifusi cha matofali usiku wa Jumatano. Nimeshuhudia mikutano mingi tangu siku hiyo, na bado naangalia kwanza watu wameelekezwa wapi. Mahali ambapo mama mwenye mtoto mgongoni amesimama saa 2 nzima akitazama jua, huwa najua kamati ilimfikiria mgeni ikamsahau mwenyeji.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja wa kamati, jioni ileile, baada ya sisi wanaume 7 kumaliza kugawana majukumu ya spika, jenereta, bendera na ulinzi. "Na vyoo?" Tukatazamana. Watu zaidi ya elfu moja wangekaa pale tangu saa 7 mchana, wengi wao akina mama na wazee, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliwaza hilo. Yule mama hakungoja jibu letu. Alikwenda nyumba hadi nyumba, akazipata 4 zilizokubali kufungua vyoo vyao vya uani. Nyumba ya tano ilikuwa na mzazi aliyejifungua juzi yake, akaiacha na akawaonya vijana wa spika wasielekeze pembe upande huo. Kila nyumba iliyokubali ilipelekewa ndoo 2 za maji na kipande cha sabuni. Fedha ya maji aliitoa kwenye mtaji wake wa maandazi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho historia ya jiji hili ilikuwa imeshakionyesha zamani. Mwaka 1955 TANU ilikuwa changa, viongozi wake wengi wanaume, na kadi zilikuwa zikiuzika polepole. John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipofika Dar es Salaam mwaka huo aliuliza wanawake wa chama wako wapi. Jibu la swali hilo likawa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma mjini, mwenye kadi ya TANU namba 16. Yeye hakuanza na majukwaa. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, wanawake waliokuwa tayari na wanachama wao, michango yao, sare zao na utaratibu wao wa kuitana nyumba kwa nyumba. Katika miezi michache waliojiandikisha walihesabika kwa maelfu. Chama kilipata kwa mkupuo mmoja kitu ambacho fedha haikuweza kukinunua: watu wanaojua nani amelala mgonjwa, nani ana chumba cha wageni, nani akisema "twendeni" mtaa mzima unavaa kanga.

Nyumba kumi za miaka ya 1960 zilikuja kuupa mtandao wa aina hiyo daftari na ubalozi. Vyama vya baada ya 1992 vimejaribu, kila kimoja kwa jina lake, kuujenga upya kuanzia chini. Na bado, ukiuangalia mkutano wowote uliofana Tandale au Yombo, utamkuta nyuma yake mwanamke wa namna ya yule wa vyoo. Leo ana kikoba na kundi la WhatsApp. Kazi haijabadilika.

Turudi kwenye ratiba, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Kwa utaratibu, vyama huwasilisha ratiba zao za kampeni, zinapitiwa kikaoni ili wawili wasigongane kiwanja kimoja saa moja, na polisi wa wilaya wanapata nakala. Maadili ya Uchaguzi, yanayotiwa saini na vyama, Serikali na Tume, yanataka mikutano ianze saa 2 asubuhi na kukoma saa 12 jioni. Utaratibu huu ni mzuri na ninautetea. Bila huo, Temeke ingekuwa na ngumi kila wiki. Ila karatasi inahesabu saa, haihesabu foleni. Mgombea wa ngazi ya taifa anapangiwa mikutano 5 au 6 kwa siku. Wa kwanza ukichelewa dakika 40, wa pili utachelewa saa nzima, na wa mwisho ndio utakaolipia makosa ya yote iliyotangulia. Mkutano wa mwisho huwa wapi? Huwa mbali. Msafara unaanzia karibu na mjini na kumalizikia pembezoni, kwa hiyo watu wanaokaa mbali na barabara ya lami ndio wanaongoja kuliko wote na kusikilizwa kidogo kuliko wote. Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha jambo moja tu katika kampeni zetu, ningeigeuza ratiba ianzie Chamazi asubuhi na kumalizikia Kariakoo.

Kuna pia vituo ambavyo haviko kwenye ratiba. Watu hujipanga kando ya barabara, wanazuia magari, wanataka salamu. Mgombea hawezi kuwapita, na hapaswi kuwapita. Wakazi wa jiji wanakumbuka 1995, mgombea urais Augustine Mrema alipokuwa akipokewa na umati unaolisukuma gari lake kwa mikono. Oktoba mwaka uliofuata, katika uchaguzi mdogo, Temeke ilimpa ubunge. Agosti 2015 Edward Lowassa, mgombea urais wa Ukawa, aliingia kwenye daladala upande wa Gongo la Mboto, akakaa na abiria, na habari zikasambaa kabla hajashuka. Hakuna mpangaji wa ratiba anayeweza kupinga nguvu ya matukio hayo. Anachoweza kufanya ni kuacha nafasi kwa ajili yake. Mzee wetu alikuwa na hesabu yake: kila kilomita moja ya Barabara ya Kilwa wakati wa kampeni, weka salamu moja, kila salamu, weka dakika 10.

Tulipanga pia kwa kufuata adhana. Alasiri huingia baada ya saa 9, na msikiti ulikuwa ukuta mmoja na kiwanja. Nilikwenda kwa imamu Jumanne, nikamwamkia, nikamweleza. Akasema hana neno, ila muziki uzimwe dakika 5 kabla na usiwashwe mpaka watu wametoka. Siku yenyewe, adhana ilipoanza, kijana wa mitambo aliteremsha sauti ya singeli mpaka ikaisha, na uwanja mzima ukanyamaza: waliosali, wasiosali, na wale wasichana wa hamasa waliokuwa katikati ya kucheza. Nimekaa kwenye mikutano ya kila namna, na ukimya ule bado naukumbuka kuliko hotuba.

Nizungumzie na fedha, maana ndipo wengi wanapoinamisha macho.

Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Kila aliyeishi mtaani wakati ule anajua nia njema ilifika wapi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili walilipeleka jambo hilo Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ikavifuta vifungu vilivyoiruhusu takrima kwa kuwa vinakiuka Katiba: maskini na tajiri hawawezi kuwa sawa mbele ya mpiga kura kama mmoja anaruhusiwa kumnunulia pilau. Ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010, inayotaka chama na mgombea waeleze walichopata na walichotumia. Niliifurahia hukumu ile na ninaifurahia mpaka leo.

Lakini mtaani ilizaa woga usio na msingi. Viongozi wa ngazi ya chini walianza kuikimbia karatasi. Kila kinachohusu fedha kikawa cha mdomo: "Fanya, tutamalizana." Kiti cha kukodi hakijawahi kuwa rushwa. Jukwaa, spika, jenereta, mafuta ya gari la matangazo, hizo zote ni gharama halali ambazo sheria inataka ziandikwe. Zinapokosa kuandikwa, anayeumia ni aliyetoa huduma, kwa kuwa hana hata kipande cha karatasi cha kudai nacho.

Kwetu aliyetoa huduma alikuwa mama mkodishaji wa viti, mjane, mwenye viti 300 vyeupe vya plastiki alivyovinunua kidogo kidogo kwa miaka. Kila kiti kilikuwa na alama ya rangi nyekundu chini ya kikalio, nukta mbili na mstari, aliyoichora mwenyewe kwa brashi ya rangi ya kucha. Jumatano nilikwenda kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshasikia. Vingapi?"

"Vyote, mama."

"Na fedha?"

Nikasema nilichoambiwa niseme: inakuja na msafara. Alinitazama kwa muda. Nilikuwa nimesoma darasa moja na mwanawe wa kwanza. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku, akaandika tarehe, idadi, jina langu. Jina la chama hakuliandika. "Chama sikijui kinakaa wapi," akasema. "Wewe najua mnakaa wapi."

Alhamisi watu walianza kufika saa 6 mchana. Kufikia saa 8 viti vilikuwa vimejaa na waliosimama walikuwa wengi kuliko waliokaa. Ngoma ya mdundiko ilizunguka mtaa mara tatu kuwakusanya. Bodaboda wapatao 40 walikwenda kuulaki msafara barabarani, kila mmoja kapewa lita moja ya petroli, na nilimsihi kiongozi wao asiruhusu kijana yeyote kusimama juu ya kiti cha pikipiki. Alinisikiliza nusu.

Saa 9, hakuna mgeni. Saa 10, hakuna. Simu ya katibu wa kata ilikuwa inaita bila kupokelewa. Umati unaongoja unabadilika, na aliyewahi kuusimamia anaijua hali hiyo mwilini. Watu wa nyuma wanaanza kusogea mbele kidogo kidogo, bila nia mbaya, wakitaka kuona tu. Kamba ya mbele inavutika. Watoto wanajipenyeza chini. Tulikuwa tumeacha njia 3 za kutokea, na moja ilikuwa imezibwa na gari la mtu aliyeegesha akaenda zake. Vijana 8 walilinyanyua kwa mikono wakalisogeza.

Wenzangu wa kamati waliniona msumbufu kwa habari ya zile njia. Machi 21, 2021 nilizikumbuka. Siku hiyo watu walifurika Uwanja wa Uhuru, papo hapo Temeke, kumuaga Rais John Magufuli, na katika msongamano watu 45 walipoteza maisha, kwa hesabu iliyotolewa na polisi. Haukuwa mkutano wa siasa, walikuwa waombolezaji waliotaka kumwona kiongozi wao mara ya mwisho. Wengine walikuwa watoto. Mtu anayeitisha umati, kwa furaha au kwa msiba, ameshika roho za watu mkononi, na geti moja lililofungwa linatosha.

Hata karatasi inatosha. Februari 16, 2018, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa Kinondoni, mzozo ulikuwa juu ya nyaraka za mawakala wa vituoni, kitu ambacho kwa kawaida humalizwa na karani mwenye muhuri. Wafuasi wa Chadema walitoka Mwananyamala kwenda kuzidai kwa msimamizi wa uchaguzi, polisi wakawatawanya kwa silaha, na risasi ikampata mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa ndani ya daladala, safarini kwenda kwenye shughuli zake. Hakuwa mshiriki wa maandamano hayo. Wanaodhani maandalizi ni kazi ndogo ya watu wadogo waifikirie daladala hiyo. Na waifikirie Oktoba 29, 1995, uchaguzi wetu mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, ambapo vifaa havikufika vituoni kwa wakati katika jiji hili hili, matokeo ya majimbo yote 7 ya Dar es Salaam yakafutwa, na watu wakapiga kura upya Novemba 19. Serikali nzima ilishindwa na masanduku na magari ya kuyabebea.

Msafara wetu uliingia saa 11 na dakika 22. Najua kwa sababu niliandika. Zilibaki dakika 38. Afisa wa polisi aliyekuwa zamu, kijana mstaarabu, alinifuata akanionyesha saa yake bila kusema neno. Tukamkata mgombea udiwani akabaki na dakika 2, mgombea ubunge 6. Mgeni alipanda, umati ukalipuka, na kwa muda uchovu wote ule ukasahaulika. Alikuwa msemaji hodari. Aliongea kuhusu viwanda, ajira, bei ya sukari. Alipofika kwenye kero za mtaa, aliutaja mtaa wa jirani.

Tulikuwa tumemwandalia taarifa ya ukurasa mmoja. Nilikesha nayo Jumanne. Ilieleza jambo moja tu, kivuko cha miti kilichovuka korongo kati yetu na shule ya msingi, ambacho kila masika watoto walikivuka wameshikana mikono. Nilimkabidhi msaidizi wake mlangoni mwa gari. Aliipokea kwa adabu, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kishikizo. Wakati wote wa hotuba nilikuwa naangalia kishikizo kile.

Saa 11 na dakika 58 mgeni alishuka. Aliwashika mikono waliokuwa mbele, nikiwamo mimi. Mkono wake ulikuwa wa moto kama wa mtu mwenye homa, na nilimhurumia, maana alikuwa ameanza siku yake alfajiri. Magari yakapita kwenye uchochoro tulioufukia. Vumbi likakaa hewani kitambo. Katibu wa kata aliondoka na msafara.

Tulibaki. Mama wa vyoo alipita nyumba zile 4 na fagio lake. Vijana walifungua turubai. Mzee aliniambia nikae, nilikuwa sijala tangu asubuhi, akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Kisha tukaanza kuhesabu viti kwa mwanga wa tochi za simu, mama wa viti mwenyewe akigeuza kila kimoja kuangalia alama. Vilitimia 291. Viwili vilikuwa vimevunjika miguu. Hakusema kitu. Aliviweka vile vibovu pembeni na kuandika kwenye kaunta buku.

Fedha haikuja na msafara, wala wiki iliyofuata, wala baada ya kura ya Oktoba 25. Kila niliyempigia alinipa namba ya mwingine. Tulilipa wenyewe, mimi, mzee na yule mama wa maandazi, kwa mafungu, mpaka mwezi wa pili mwaka uliofuata. Viti 9 vilivyopotea mama alivisamehe. Juni 2016 mikutano ya hadhara ya siasa ikapigwa marufuku, na marufuku hiyo ikaondolewa Januari 3, 2023. Kwa miaka hiyo yote, nje ya misimu ya kampeni, hapakuwa na ugeni wa kuandaa. Mzee alifariki katikati ya kipindi hicho. Vijana waliokuwa wajifunze kwake wapi pa kuweka jukwaa hawakujifunza.

Kampeni za 2020 zilipofika nilipigiwa simu tena. Sauti nyingine, maneno yaleyale. Nilikwenda kwa mama wa viti asubuhi, nikamwamkia, akaniitikia, akanikaribisha kwenye mkeka. Viti sasa vilikuwa 420, vimepangwa ukutani hadi dirishani. Kabla sijafungua mdomo aliingia ndani. Alirudi na kaunta buku ile ya zamani, jalada limeshikwa na gundi, akaifungua kwenye ukurasa wa Septemba 2015, akaiweka mapajani mwangu. Kisha akainuka, akaanza kuvihesabu viti vyake kwa sauti, kuanzia kile cha karibu na mlango.